Mwaliko wa Pakhrya

Jioni ya mkesha wa Pola, sikukuu ya maksai, hakuna nyumba kijijini Pimpalkheda inayokosa kelele. Kila ua una mtu anayepaza sauti utadhani anagombana, kumbe anakaribisha mgeni. Maksai husuguliwa mabega kwa samli na manjano, pale nira ilipomlalia mwaka mzima, kisha huambiwa waziwazi sikioni: "Leo pokea mwaliko, kesho uje ule." Na ukishamwalika umemwalika. Kesho yake hatii shingo nirani, hachapwi, hatukanwi, na mpaka ale chapati za kujazwa dengu na sukari guru, mwenye nyumba naye hagusi chakula.

Anjira alimwalika Pakhrya, maksai wao, jioni ile kwa samli ya kuazima. Ilikuwa kidogo, ya ncha ya kidole tu, lakini aliichanganya na manjano mengi ili ionekane, maana majirani wana macho. Mumewe Dagdu alisimama kando ameshika kikombe cha manjano kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa. Maksai mwenyewe alikuwa mbavu tupu. Mwaka ule mvua ilikuja ikachungulia, watu wakapanda, ikaenda zake bila kuaga. Watu wakapanda tena, na mara ya pili hata kuchungulia haikuchungulia.

"Leo pokea mwaliko, kesho uje ule," Anjira alimwambia Pakhrya huku akimkanda bega. "Umesikia, mzee? Usije ukaniambia una shughuli."

Upande wa pili wa ukuta alikuwa Bibi Bhagirathi, mjane wa siku nyingi, aliyebakiwa na masikio zaidi kuliko meno. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalike na mumeo hapo hapo! Naye amekonda vilevile!"

"Huyu nikimwalika atanimalizia dengu, bibi," Anjira alijibu.

Dagdu hakucheka. Na hilo ndilo lililomnyima Anjira raha. Zamani mtu huyu alikuwa na maneno, akiingia mahali watu wanashika mbavu. Tangu kiangazi alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa mtu aliyechoka. Anjira aliwahi kuona ukimya wa namna ile. Sopan, rafiki yao wa shamba la pili, alinyamaza hivyo hivyo mwaka uliotangulia. Akawa mpole mno, akarudisha kila chombo alichoazima kwa watu, kisha asubuhi moja wakamkuta kwenye mwarobaini wa shambani kwake, kwa kamba ya maksai wake. Kijiji kizima kilisema hakikujua. Anjira naye alisema hakujua, lakini ule upole aliuona kwa macho yake, na hajajisamehe.

Nyumba yao ilipata kuwa na jozi, Pakhrya na Morya. Morya alikufa tumbo likiwa limejaa mifuko ya nailoni aliyookota njaa ilipomzidi. Maksai mmoja halimi. Ndipo Dagdu na Sopan, naye akiwa na mmoja, wakawaunganisha: leo shamba lako, kesho langu. Sopan alipokufa, mkewe aliuza maksai akarudi kwa wazazi wake, na Pakhrya akabaki na nusu ya nira.

"Maksai mmoja ni mdomo tu," Dagdu alisema tangu wakati huo.

"Na mimi je? Na wewe?" Anjira alimjibu. "Tuuzane sote, basi."

Alitania hivyo kwa sababu ukweli hakuweza kuusema. Kila alfajiri Pakhrya aligonga kwato kwenye jiwe la zizi, na Dagdu akaamka. Mkewe angeweza kumwita mpaka koo likauke asisikie, ila kwato alizisikia. Aliamka akampa maji, akamtafutia majani makavu huko na huko, akarudi, siku ikawa imekwenda. Alichokitaka Anjira duniani wakati ule kilikuwa kimoja tu: mumewe aamke kesho, na akiamka kesho, aamke na keshokutwa. Aliamini kabisa kwamba Pakhrya akiwa zizini, jambo hilo litawezekana.

Asubuhi ya Pola alikuwa anasaga dengu alizochemsha, sukari guru imeshamnata mpaka viwikoni, aliposikia gari dogo la mizigo likisimama nje. Alishuka Lahanu, mchuuzi wa mifugo, mtu mnene wa kucheka ovyo.

"Shemeji, Pola njema! Nimewahi kidogo. Mchana barabara itajaa maksai wa watu, sitapita."

"Umewahi nini?"

Lahanu alimtazama Dagdu. Dagdu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Kaka, hukumwambia?"

Hapo Anjira akaelewa. Akaelewa na yale magunia ya mbegu za mtama pembeni ya mlango, ambayo Dagdu alisema amekopeshwa na chama cha ushirika. Alisimama, mikono inamchuruzika utamu.

"Baba Kalindi," alisema, maana jina la mumewe hakulitaja hata akiwa na hasira, alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Ameshaalikwa. Jana. Wewe ulikuwepo, ulishika kikombe."

"Nilimwambia aje kesho," Dagdu alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilikwambia nitajaribu, kaka," Lahanu alisema. "Lori la kwenda mbali linaondoka leo. Ni leo, au ubaki naye na mbegu zangu unirudishie."

"Basi mngoje ale," Anjira alisema. "Dengu hizi hapa. Nakaanga sasa hivi, hata mbili tu, Lahanu. Mtu hualikwa akafukuzwa akiwa na njaa?"

"Shemeji, dereva ananipigia simu kila mara. Nifanyeje?"

Pakhrya angekataa kupanda gari kama angeshikwa na mgeni. Alikuwa na hasira zake. Lakini Dagdu mwenyewe ndiye aliyemfungua na kumwongoza, na Pakhrya alimfuata kama alivyomfuata siku zote, akapanda bila ubishi, bega lake bado la njano. Kisha Lahanu akamvua maksai kamba aliyofungwa nayo na kuirudisha mikononi mwa Dagdu. Kwao muuzaji habaki mikono mitupu, hupewa kamba ya mnyama wake ili mifugo isihame nyumba ile. "Ibaki, kaka. Wengine watakuja," Lahanu alisema kama kawaida inavyotaka, na gari likaondoka.

Anjira hakulia. Alirudi jikoni akapika kama mtu anayepiga mtu, akafunga chapati kwenye kitambaa zikiwa moto, akatoka. Dagdu alimuuliza anakwenda wapi, akampita. Alikwenda kwa miguu mpaka njia kuu, na kutoka njia kuu mpaka mnada wa mifugo nje ya mji, jua likimpiga utosini. Alikuta uwanja mtupu na mlinzi aliyejilaza kwenye kivuli cha ukuta.

"Malori yameondoka asubuhi, mama."

"Yamekwenda wapi?"

"Mbali," alisema mlinzi, kisha akaona kitambaa na harufu ikamfikia, akaelewa. "Mama, rudi nyumbani. Hata ungemkuta, asingekuwa na hamu ya kula."

Alipofika kijijini maandamano yalikuwa yameshaanza mbele ya hekalu la mungu Maruti. Maksai wa watu walipita chini ya masongo ya majani ya mwembe, pembe zimepakwa rangi, kengele shingoni, migongo imefunikwa mashuka yaliyoshonewa vioo. Mmoja wao alinyoosha pua kwenye kitambaa cha Anjira akavuta pumzi. Anjira alikiinua juu ya kichwa.

"Zina mwenyewe hizi," alisema.

Aliziweka kwenye hori tupu la Pakhrya, na humo zikakaa mpaka sisimizi wakazimaliza. Kwa mumewe alisema mara moja tu, akiwa amempa mgongo.

"Ungemuuza tu ningekusamehe. Shida ninaijua, ninalala nayo. Lakini ulinisikia namwalika, ukanyamaza. Umenifanya nimdanganye mnyama."

Basi wakawa wawili wanaonyamaza nyumba moja. Hasira ilipopungua kidogo Anjira akashikwa na woga, kwa sababu kamba ya Pakhrya ilikuwa inaning'inia kwenye kigingi cha ukutani, na mumewe alikuwa akiitazama wakati wa kula. Alisubiri Dagdu atoke, akaiviringa, akaifukia chini kabisa kwenye tenga la mtama. Dagdu hakuuliza imekwenda wapi. Kutouliza kwake kulimtia woga zaidi.

Alfajiri ya kwanza bila kwato ilikuwa mbaya. Kulikucha kabisa, jua likaingia mlangoni, na Dagdu amelala macho wazi akitazama paa. Kesho yake Anjira aliamka kabla ya jogoo, akachukua mchi, akaenda zizini akagonga lile jiwe kama lilivyogongwa siku zote. Alijiona mwendawazimu. Bibi Bhagirathi alimuuliza kutoka upande wa pili anatwanga nini gizani naye hana nafaka.

"Natwanga kichwa changu, bibi."

Lakini Dagdu aliamka. Alikuja mpaka mlangoni, akamwona mkewe na mchi mkononi, akatazama jiwe, akaenda kuchota maji pasipo na wa kumnywesha. Kuanzia hapo Anjira aligonga kila alfajiri, na hakuna aliyelizungumzia. Hakuwa amemsamehe. Alimwamsha tu, kama mtu anavyochochea moto asioutaka uzimike hata kama hana cha kupika.

Mtama ule walipanda kwa vijiti, shimo kwa shimo, ukatoa cha kula na si zaidi. Mwaka uliofuata mvua ikakumbuka njia. Pamba ikaota, na magugu yakaota kwa furaha kuliko pamba. Wenye maksai walipita katikati ya mistari na jembe la kupalilia, wenye fedha wakakodi. Anjira na Dagdu walipalilia kwa mikono mpaka wakaona magugu yanawacheka, wakimaliza mwisho wa shamba mwanzo umeshajaa tena.

Siku moja Dagdu alitoa nira darini, akaifuta vumbi, akaipima kwenye bega lake mwenyewe. Alimtazama mkewe.

"Nitahitaji kamba," alisema.

Anjira akaenda kwenye tenga, akatia mkono mpaka chini, akaitoa. Ilikuwa na unga wa mtama katika kila uzi. Alimpa huku mkono unakataa kuiachia.

"Nilijua iliko," Dagdu alisema, bila kumtazama. "Tangu siku ile ile."

Anjira aliketi chini palepale. Mwaka mzima alikuwa akilala jicho moja juu ya lile tenga, na mwaka mzima mumewe alikuwa akipita mbele yake akijua.

Walianza na kipande cha ndani kisichoonekana barabarani, kwa haya. Dagdu alijifunga mbele, Anjira akashika mpini wa jembe nyuma. Mumewe alikuwa amekonda, na alipovuta uti wa mgongo ulionekana wote chini ya shati. Walipofika mwisho wa mstari wa kwanza Anjira, kwa mazoea ya miaka, alipiga ulimi na kusema, "Pinda, mzee!" kama alivyomwambia Pakhrya. Dagdu akapinda. Hakuna aliyecheka, na Anjira akashukuru kwamba alikuwa nyuma, uso wake hauonekani.

Kipande cha barabarani nacho hakikukwepeka. Vijana waliopita na pikipiki walipunguza mwendo.

"Baba Kalindi! Mbona pembe hujazipaka rangi?"

Anjira alijua akifungua mdomo atamtukana mtu mpaka ukoo wake. Lakini Dagdu alisimama, akajifuta jasho, akawajibu.

"Nasubiri Pola, wanangu. Mtaniletea kengele?"

Vijana walicheka wakaondoka, wakiwa wameona haya kidogo. Anjira hakucheka. Aliushikilia mpini kwa nguvu, maana ule ulikuwa utani wa kwanza kumtoka mumewe tangu asikumbuke lini, na aliogopa akisema neno utakuwa wa mwisho.

Walipalilia hivyo msimu wote. Bega la Dagdu lilichubuka, likapona, likachubuka tena, mwishowe likaota ngozi ngumu nyeusi pale pale nira inapolala. Anjira alilijua lile bega. Alikuwa amelisugua miaka yote, ila lilikuwa la mwingine.

Mkesha wa Pola ukarudi. Kelele zikaanza ua hadi ua. Bibi Bhagirathi alileta maksai wawili wa udongo aliowafinyanga, pembe moja imepinda, kwa maana asiye na maksai huabudu wa udongo, ndiyo desturi ya wasio na kitu.

"Chukua hawa, mwanangu. Hawa angalau hawali."

"Asante, bibi. Nigawie na samli kidogo."

"Ya kumpaka udongo?"

"Nigawie tu, bibi."

Dagdu alikuwa ameketi zizini, kwenye lile jiwe, ametega sikio kwa majirani wanaoalika. Anjira alikuja na kikombe cha manjano.

"Vua shati."

"La nini? Watu wataona."

"Waone. Wameona mangapi?"

Alivua. Anjira alichovya vidole akaanza kumsugua ile ngozi ngumu, polepole, akizungusha, kama alivyofundishwa na mama yake kwa maksai wa nyumbani kwao. Samli ilikuwa nyingi safari hii. Dagdu alitaka kucheka, kicheko kikakosa njia.

"Siku ile," alisema, "ulipomsogelea sikio nilitaka kukuzuia. Neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Nikasema moyoni, mwache amwalike, angalau mmoja wetu aseme maneno mazuri ndani ya nyumba hii. Sikufikiria zaidi ya hapo, mama Kalindi. Nilikuwa siwezi kufikiria zaidi ya hapo kwa jambo lolote."

Machozi yalimtoka Anjira, yakachanganyika na manjano, hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Alimaliza bega moja akahamia la pili. Kisha akainama kwenye sikio la mumewe, na hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mkesha wa Pola, ukuta usikie, kijiji kisikie.

"Leo pokea mwaliko, kesho uje ule."

Upande wa pili wa ukuta Bibi Bhagirathi alikohoa.

"Aliyealikwa haondoki kabla hajala," Anjira alisema. "Unajua."

"Najua," Dagdu alisema. "Nitakuja."

Asubuhi Anjira aliamka kumekucha, hakugonga jiwe, usingizi ulimpitia. Upande wa mumewe palikuwa patupu. Aliangalia kigingi, kamba haikuwepo. Hakumbuki alivyotoka. Alikimbia bila kujitanda, kwanza kwenye mwarobaini wa Sopan, na pale hakukuwa na kitu ila ndege, ndipo akateremka mtoni roho mkononi. Dagdu alikuwa ndani ya maji katikati ya maksai wa watu, anajisugua mgongo kwa kichopa cha majani makavu. Nira ilikuwa ukingoni, imeoshwa. Kamba nayo ilikuwa imeoshwa, imeanikwa juu ya jiwe.

"Mwenye kualikwa haogi?" alimuuliza mkewe, na akaona uso wake, akatoka majini haraka kumshika.

Mchana alikuja zizini akaketi kando ya hori, nywele mbichi, mabega ya njano. Anjira alimwosha miguu, akamtia alama nyekundu kipajini. Alimega chapati akamlisha kwa mkono wake, kama wanavyolishwa maksai siku ile, na Dagdu alikula akilia bila kuficha. Alikula nusu. Nusu iliyobaki aliichukua kutoka mkononi mwa mkewe, akageuka, akaiweka ndani ya hori tupu, pale Pakhrya alipokuwa akitia mdomo.

"Naye alialikwa," alisema.